Kutegeana vitendawili nyumbani

Anza na vitano tu, baada ya chakula cha jioni. Mtegaji aseme "Kitendawili!", wote waitikie "Tega!" Wadogo wategee vitu wanavyovishika kila siku: "Nyumba yangu haina mlango" (yai). "Kuku wangu katagia miibani" huwashinda watoto wa mjini, maana nanasi wanaliona sokoni tu. Waonyeshe kwanza picha yake likiwa shambani, katikati ya majani yenye miiba.

Wakishindwa, usitoe jibu bure: dai mji. Wakikupa Lamu, simulia kidogo ulivyokaribishwa huko, ulivyolishwa, ndipo ufumbue. Utamu wote uko hapo, na wazazi wenye haraka hupapita.

Vijana wa sekondari huchoka upesi na vya zamani. Waache watunge vyao, au wamrekodi bibi kwa simu, akiridhia.