Somo: Je, kuku anaweza kuambukizwa magonjwa ya bakteria ya ng'ombe na nguruwe?

Swali hili hurudi kila mara ng'ombe au mbuzi anapokufa katika boma ambamo kuku wanazurura, na kwa kuwa nimechoka kulijibu vipande vipande, naliandika hapa mara moja. Jibu moja la ndiyo au hapana halipo, kwa sababu wapo bakteria wasiomgusa ndege, wapo wanaomuua, na wapo wasiomdhuru lakini husafiri kwa miguu na kinyesi chake.

Hatua ya 1. Hakikisha kwamba ni bakteria. Mdondo wa kuku na Homa ya Bonde la Ufa husababishwa na virusi, na ndigana kali husababishwa na vimelea wanaoletwa na kupe, kwa hiyo hayo hayamo katika somo hili.

Hatua ya 2. Ondoa yasiyovuka. Chambavu (ugonjwa wa ng'ombe unaovimbisha misuli) na homa ya mapafu ya ng'ombe usiyahofie kwa kuku.

Hatua ya 3. Usidanganywe na jina la bakteria. Pasteurella multocida huleta kipindupindu cha kuku, na huyo huyo huua ng'ombe kwa homa kali na uvimbe wa koo, lakini aina inayoua ng'ombe ni B na E, ilhali ya kuku kwa kawaida ni A. Kifua kikuu nacho kiko hivyo: cha ng'ombe huletwa na Mycobacterium bovis na cha ndege na Mycobacterium avium. Ng'ombe aliyekutana na bakteria wa ndege anaweza kuonekana mgonjwa kwenye kipimo cha ngozi, na ndiyo maana daktari hudunga tuberkulini (dawa ya kupimia kifua kikuu) mbili shingoni, ya ng'ombe na ya ndege, kisha hulinganisha uvimbe.

Hatua ya 4. Yatambue yanayovuka kweli. Salmonella Typhimurium huingia kwa ndama, nguruwe, kuku na mwenye mifugo pia. Erysipelothrix rhusiopathiae, anayempa nguruwe mabaka mekundu ya pembe nne, huua batamzinga, kwa hiyo usiwafuge pamoja.

Hatua ya 5. Linda mzoga. Mnyama akifa ghafla, akavimba upesi na kutokwa damu isiyoganda puani au sehemu ya haja kubwa, chukulia kwamba ni kimeta hadi mtaalamu athibitishe vinginevyo. Usimpasue, usimchune, na nyama yake isiliwe hata ikichemshwa kutwa nzima. Mzoga ukiwa mzima, bakteria wengi hufa katika uozo wenyewe. Ukipasuliwa, hupata hewa na kujigeuza spora, yaani umbo lenye ganda gumu linaloweza kukaa udongoni kwa miongo. Fungia kuku na mbwa, mwite bwana mifugo, na asimamie uchomaji au uzikaji wa kina cha angalau mita 2. Aliyegusa damu aende hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri kidonda cheusi.

Hatua ya 6. Chukua sampuli kabla ya antibiotiki, si baada yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kuku wangu wanakufa, naomba jina la dawa.
Jibu: Ndugu, hukutaja umri, chanjo wala dalili. Anza na hatua ya 1. Kama ni mdondo, antibiotiki haitauponya.

Swali: Mwalimu, tai hula mizoga ya kimeta na bado huruka. Wanaponaje?
Jibu: Ahsante kwa kuuliza. Inaelekea joto kubwa la mwili wa ndege humzuia bakteria wa kimeta. Mwaka 1878 mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur na wenzake walimwambukiza kuku kimeta wakamweka katika maji baridi hadi joto la mwili wake, ambalo kwa kawaida ni kama nyuzi 41 au 42, likashuka, akafa. Mwingine aliyetolewa majini na kupashwa joto alipona. Mbuni, ambaye joto lake liko chini ya la kuku, anajulikana kufa kwa kimeta. Sidai kwamba joto ndilo sababu pekee, kwani tai ana pia tindikali kali sana tumboni.

Swali: Basi kuku wangu naweza kuwapa nyama ya mzoga huo?
Jibu: Hapana. Soma hatua ya 5 tena, taratibu.

Swali: Na kinyume chake? Kiangazi huwa nawalisha ng'ombe maranda ya banda la kuku, yaliyochanganyika na kinyesi.
Jibu: Hili linanitia hofu kuliko yote yaliyotangulia. Kifaranga aliyefia ndani ya maranda huoza, bakteria aitwaye Clostridium botulinum akazaliana humo na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ng'ombe akaanguka asiweze kuinuka wala kumeza.

Swali: Nikiokota mizoga kila asubuhi, je?
Jibu: Okota, lakini kipande kidogo hakionekani, na sumu kidogo inatosha. Maranda yapeleke shambani na uyafukie kwa jembe; malishoni usiyatawanye kabisa.