Kabati za rangi na za mbao jiko moja, zipange hivi

Ukitaka kuchanganya, mbao weka chini, rangi weka juu. Manake kabati za juu zikiwa nyeupe ama krimu jiko laonekana kubwa, na hizi nyumba zetu za Mombasa majiko mengi ni madogo na giza, kisha mbao chini yaficha uchafu wa miguu na maji ya sinki. Usigawe nusu kwa nusu, kimoja kiwe kingi.

Mbao nzuri ni mvule, haina shida sana na mchwa wala unyevu, na usiipige rangi jamani, ni dhambi! Ipake vanishi tu.

Sasa hizi za rangi ndo kazi. Piga msasa namba 120, futa vumbi kwa kitambaa, paka andakoti, yaani rangi ya chini ya kutangulia, ikauke kabisa, msasa 220 kidogo, ndo rangi ya mafuta mikono miwili, yaani wapaka mara mbili, na usipake siku ya mvua sababu hewa ya pwani ina unyevu na rangi itakawia kukauka.

Bawaba na vishikio nunua stenlesi, chumvi ya bahari yala chuma haraka. Vishikio viwe aina moja juu na chini, hivyo ndo vyaunganisha jiko zima.