Kumwandalia Mtahiniwa Hewa ya Kusomea

Mzazi anayemwandaa mtoto kwa mtihani hufikiria vitabu, ada na chakula, lakini ni nadra kufikiria hewa, ilhali athari yake akilini yaweza kuonekana siku hiyo hiyo. Nchini Israeli, watafiti waliolinganisha alama za mtihani wa kumaliza sekondari na uchafu wa hewa wa siku ya mtihani waliona kuwa alama zilishuka hewa ilipochafuka. Na huko Ujerumani, wachezaji wa sataranji walikosea zaidi kadiri chembechembe ndogo za uchafu zilivyoongezeka katika hewa ya ukumbi, hasa walipobanwa na saa.

Chembechembe hizo, zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), hupenya mapafuni hadi kwenye damu na kuchochea uvimbe unaoweza kuuathiri ubongo. Kaboni monoksaidi, gesi itokayo kwenye mkaa unaowaka, nayo hung'ang'ania himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo oksijeni inayofika ubongoni hupungua.

Kwa hiyo anza na chanzo. Jiko la mkaa lipikiwe nje, wala lisiingizwe ndani hata makaa yakionekana hayana moshi, kwa kuwa gesi hiyo haina rangi wala harufu, na huua. Kibatari kiachie nafasi taa ya sola, na wavu wa dirishani uchukue kazi ya dawa ya mbu ya kuchoma. Udi, pamoja na heshima yake yote, usubiri masomo yaishe.

Dirisha ndilo linalohitaji busara zaidi. Ukilifunga kutwa nzima, hewa inayotoka katika pumzi za waliomo hujazana, na msomaji husinzia akidhani amechoka; ukiliacha wazi wakati wa foleni, moshi wa magari huingia. Alfajiri na usiku, hewa ya chini ikiwa baridi na tulivu, moshi hulala karibu na ardhi, lakini jua likishapasha ardhi hupanda na kutawanyika. Basi fungua wazi kabisa kuanzia asubuhi iliyokomaa hadi alasiri, na jirani akichoma taka, funga upande wake ufungue ule wa pili. Sakafu ipigwe deki badala ya kufagiwa kavu.

Siku ya mtihani, mtoto anayetembea apite mitaa ya ndani badala ya kando ya barabara kuu. Akilazimika kusimama kituoni penye moshi, avae barakoa ya N95, ile iliyotengenezwa kuchuja chembechembe ndogo, inayobana vizuri usoni, kwa maana ile ya kitambaa huzichuja chembechembe hizo kwa kiasi kidogo tu.