Daftari la bei ya vyakula: jinsi ya kujua kilo moja inakugharimu shilingi ngapi

Dar es Salaam vitunguu huuzwa kwa fungu, kwa sado na kwa kilo, mafuta kwa kipimo cha robo au kwa dumu. Muuzaji anajua faida yake katika kila kipimo. Mnunuzi hawezi kujua mpaka ageuze kila bei kuwa ya kilo moja au lita moja, na kazi hiyo ndiyo ya daftari.

Anza na bidhaa zinazokula pesa nyingi nyumbani: mchele, unga, maharage, sukari, mafuta, vitunguu, nyanya, sabuni. Kumi zinatosha, ukiandika kila kitu hadi kiberiti utachoka mapema. Kila bidhaa ipe ukurasa wake wenye safu sita: tarehe, mahali, daraja, kipimo, bei, na bei kwa kilo. Safu ya daraja usiiruke. Mchele wa Kyela unaonukia na mchele wenye chenga nyingi ni bidhaa mbili, na maharage ya zamani huchelewa kuiva, hivyo unafuu wake unaishia kwenye mkaa.

Nunua mzani mdogo wa jikoni. Tuseme fungu la vitunguu ni shilingi 1,000, na ukilipima nyumbani linakuja gramu 450. Gawa 1,000 kwa 450, zidisha kwa 1,000: kilo ni kama 2,220. Ikiwa sokoni kilo ni 1,800, fungu limekuzidishia 420. Kwa mafuta, robo lita ikiwa 1,600, lita ni 6,400. Dumu la lita 5 kwa 26,000 ni 5,200 kwa lita. Ukikuta chombo kimoja kimeandikwa lita na kingine kilo, kumbuka kuwa lita ya mafuta ya kula ina takriban gramu 920. Pakiti nazo soma uzito wake: zenye ukubwa unaofanana kwa macho huweza kuwa moja gramu 1,000 na nyingine 900.

Sado ndiyo inayodanganya zaidi. Ni kopo la rangi la lita 4, lakini wengine hugonga kitako kikaingia ndani. Kabla hujapimiwa, tia mkono ndani uguse chini, kisha tazama nje kama kitako kimebonyea. Angalia pia namna ya kujaza: maharage yakimiminwa taratibu huacha nafasi katikati, kopo likitikiswa yanashuka na panabaki pa kuongeza. Omba litikiswe kwanza, kilima kiwekwe baadaye. Nyumbani pima tena, uandike kilo halisi za sado ya muuzaji huyo. Kwa anayeuza kwa mzani, tazama kama una stika ya Wakala wa Vipimo, na kama mshale uko kwenye sifuri kabla ya kupakia.

Sasa weka nauli, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Mchele wa Kariakoo ukiwa nafuu kwa 200 kwa kilo, kilo 10 zinakuokolea 2,000. Bodaboda ya kurudi ikiwa 3,000, umepata hasara ya 1,000. Bora ungenunua kwa Mangi, mwenye duka la mtaani kwako. Kilo 25 zinaokoa 5,000, na baada ya nauli unabaki na 2,000. Kwa hiyo changa na jirani, mgawane mzigo na nauli.

Baada ya miezi miwili utaijua bei ya kawaida ya kila bidhaa, na ikishuka utaiona mara moja. Endelea kuandika mwaka mzima, kwa sababu misimu ina nguvu kuliko ubishi wa bei: mchele na mahindi hushuka baada ya mavuno ya katikati ya mwaka, na mihogo, magimbi na sukari hupanda Ramadhani ikikaribia.

Bei ikishuka, nunua kwa wingi vinavyokaa tu. Nyanya za sado nzima zikioza theluthi moja, bei yako halisi imepanda kwa nusu. Maharage yachague, yaanike yakauke vizuri, yafunge kwenye chombo kisichopitisha hewa, la sivyo yatabunguliwa. Na gunia likiwa ndani mkono huwa mwepesi, kwa hiyo endelea kupika kwa kikombe kilekile ulichokuwa ukitumia uliponunua kilo mojamoja.