Kuhamishia kanda ya VHS kwenye kompyuta bila sauti kuachana na picha

Mwezi uliopita shangazi alikuja kutoka Tanga na kanda moja ya VHS aliyoifunga kwenye kanga: harusi yake ya mwaka 1994. Katikati ya kanda hiyo, baada ya ngoma na wageni kula, bibi yangu anamuusia bi harusi kwa dakika nne hivi. Bibi hatunaye tena, na sauti yake haipo mahali pengine popote. Hatua hizi ni zile nilizopitia mpaka dakika hizo nne zikasikika vizuri.

1. Kagua kanda kwanza

Inua kifuniko cha mbele uutazame utepe. Ukiona unga mweupe kwenye kingo zake, huo ni ukungu, na kanda zilizokaa Pwani huupata sana. Usiitie kwenye deki. Ukungu unashika vichwa vya deki na kuhamia kanda inayofuata. Kama utepe ni safi, upeleke mbele mpaka mwisho, kisha urudishe mwanzo ujipange upya.

2. Unganisha

Deki inaingia kwenye kifaa cha kunasia, kile cha USB kinachochomekwa kwenye kompyuta. Waya wa njano ni picha, mweupe na mwekundu ni sauti. Ukipata deki yenye Hi-Fi, yaani njia ya sauti iliyo bora zaidi, ichukue hiyo hata kama ni ghali kidogo. Sauti ikikwaruza kwa Hi-Fi, ihamishie kwenye njia ya kawaida ya sauti, ile inayopita ukingoni mwa utepe. Njia hiyo ni hafifu zaidi lakini mara nyingi huwa tulivu.

3. Mipangilio ya kunasa

Mimi natumia VirtualDub2, programu ya kunasa video, nami siibadilishi. Programu zinazokuja kwenye sidii ya kifaa hubana picha na sauti papo hapo na hazikuambii kilichopotea.

Weka PAL (mfumo wa picha wa TV za huku), 720 kwa 576, fremu, yaani picha moja moja, 25 kwa sekunde, sauti hezi 48000. Kanda za Tanzania, Kenya na zile ndugu walizorekodi Oman ni PAL. Iliyotoka Marekani ni NTSC, mfumo wa kwao: 720 kwa 480, fremu 29.97, na lazima deki yenyewe iweze kuicheza. Picha ikitoka nyeusi na nyeupe au ikipanda kama ngazi, anza kushuku hapo.

Nasa kwa Huffyuv, njia ya kubana video bila kupoteza chochote. Saa moja itakula kati ya gigabaiti 30 na 40, kwa hiyo andaa nafasi.

Ukiona picha lakini husikii chochote, usikimbilie kubadilisha waya. Windows huihesabu sauti ya kifaa hiki kama maikrofoni. Nenda kwenye mipangilio ya faragha, uruhusu programu zitumie maikrofoni.

4. Sauti kuachana na picha

Hapa ndipo nilipopoteza usiku tatu. Nilinasa saa mbili nzima, nikamwita shangazi. Mwanzo ulikuwa sawa. Tulipofika kwa bibi, shangazi akanisogelea akasema, "Mwanangu, mbona mama keshafumba mdomo na bado anaongea?" Kufika mwisho wa kanda, sauti ilikuwa imechelewa kwa karibu sekunde tatu.

Nilibadilisha waya. Nilifuta draiva nikaiweka upya. Nilinasa tena mara mbili, jambo ambalo sasa najilaumu, maana kila mzunguko unauchosha utepe. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote: VirtualDub2 huhesabu fremu zilizopotea, na yangu iliandika 74. Gawa 74 kwa 25, unapata sekunde 2.96. Sauti ilikuwa nzima. Picha ndiyo iliyopungua, ikawa inatangulia.

Kwa hiyo kabla ya kurekebisha chochote, jua kwanza una tatizo la aina gani. Pima tofauti mwanzoni, katikati na mwishoni.

Ikiwa tofauti inaruka ghafla, sasa hivi sawa, dakika inayofuata nusu sekunde, umepoteza fremu. Usijaribu kuivuta sauti yote kwa pamoja. Utaharibu sehemu zilizokuwa sawa. Tafuta chanzo. Kwangu vilikuwa viwili. Kifaa cha kunasia na diski ya nje vilikuwa kwenye kigawanyio kimoja cha USB, vikigombania njia. Nikachomeka kifaa moja kwa moja kwenye kompyuta na kuandika faili kwenye diski ya ndani. Idadi ikashuka sana. Kilichobaki kilikuwa utepe wenyewe: palipochakaa, mawimbi ya picha yanayumba na kifaa kinakosa pa kushika. Nikapitisha waya wa deki kwenye mashine ya kurekodi DVD, bila sidii ndani, kisha ndiyo nikaenda kwenye kompyuta. Baadhi ya mashine hizo huinyoosha picha inapopita. Si zote, ijaribu kabla ya kuinunua. Baada ya hapo nilipoteza fremu mbili tu.

Ikiwa tofauti inakua polepole na hakuna fremu iliyopotea, basi saa ya sauti na saa ya picha hazilingani. Hilo ni jepesi. Sauti ikichelewa sekunde 2 baada ya dakika 60, sekunde 3602 zinatakiwa ziwe 3600: ongeza kasi ya sauti mara 1.00056 kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti. Sauti itapanda kidogo mno, sikio halitatambua.

5. Safisha sauti

Ukisikia mvumo mzito usiokoma, chomoa chaja ya laptopu kabla ya kunasa, utumie betri. Mvumo ukitoweka, ulitoka kwenye umeme wenu na haumo kwenye kanda.

Uliomo kwenye kanda uondoe ndani ya Audacity. Kata kila kilicho chini ya hezi 80, kisha punguza hezi 100 na 150, ambazo ni wajukuu wa umeme wetu wa hezi 50.

Halafu "Noise Reduction", kipengele cha kupunguza kelele. Tafuta sekunde moja au mbili za kelele tupu bila mtu kuongea, uifundishe programu, kisha chagua sehemu ya kusafisha.  Mimi naweka desibeli 8. Jenereta ilikuwa nje ya ukumbi na ilisikika tofauti kila kamera ilipohama, hivyo nilichukua kipande cha kelele kutoka dakika zile zile za bibi.

Kabla ya kukubali, chagua "Residue" usikilize. Hapo unasikia kile unachotupa. Mara ya kwanza nilimsikia bibi humo ndani, herufi zake za "s" zote zikienda na kelele. Nikapunguza mpaka ikabaki jenereta peke yake. Nguvu ya sauti ipandishe mwisho kabisa.

6. Toa faili la kutazama

Rudisha sauti kwenye picha ndani ya VirtualDub2, kisha pitisha HandBrake, programu ya kugeuza video, kuondoa michirizi kama meno ya kitana mtu anaposogea. Kwenye kichujio chake cha michirizi chagua Yadif na Bob, upate fremu 50 kwa sekunde.

Faili ghafi la Huffyuv liweke kwenye diski mbili. Dakika nne za bibi nilizitoa pia kama sauti peke yake, na shangazi anazo kwenye simu.