Kutofautisha Marhamu, Krimu, Jeli na Pesti

Mtu aliyeandikiwa dawa ya kupaka husoma jina la dawa na asilimia yake, kisha huliruka neno dogo linalofuata: marhamu, krimu, jeli au pesti. Neno hilo hueleza dawa imechanganywa ndani ya nini, na mchanganyiko huo ndio unaoamua dawa itakaa wapi, itapenya kiasi gani na inafaa ngozi ya namna gani.

Kamua kiasi cha punje ya harage nyuma ya kiganja, usugue taratibu. Ikibaki inang'aa na kuteleza, na maji yakaitiririkia bila kuiondoa, hiyo ni marhamu, ambayo kwa kawaida ni mafuta mazito yasiyo na maji au yenye maji kidogo. Huzuia unyevu wa ngozi usipotee, hivyo hufaa ngozi kavu, nene au iliyopasuka, kama ya visigino; kwenye upele unaotoa majimaji haifai. Krimu, ambayo ni mafuta na maji yaliyounganishwa, huingia upesi na nyingi huoshwa kwa maji matupu. Kwa kuwa ina maji, hutiwa vihifadhi ili vijidudu visiote. Basi ngozi ikiwasha baada ya kupaka, huenda kosa si la dawa yenyewe bali la vihifadhi hivyo.

Jeli haina mafuta au ina machache mno, hukauka haraka na hufaa sehemu zenye nywele, ingawa yenye spiriti huchoma kwenye mchubuko. Pesti ni ngumu kwa wingi wa unga uliomo, mara nyingi wa zinki. Hukaa palepale ilipopakwa, kama ngao ya makalio ya mtoto dhidi ya mkojo.

Usibadilishe krimu kwa marhamu bila kumuuliza mfamasia. Steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi) ileile, kwa asilimia ileile, mara nyingi huwa na nguvu zaidi ndani ya marhamu, kwa sababu ngozi iliyofunikwa na mafuta huinyonya zaidi. Kuhusu kipimo cha steroidi, mstari uliokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi pingili ya kwanza ni takriban nusu gramu, nao hutosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake.

Marhamu ya macho ni jambo la pembeni: hutengenezwa bila kijidudu chochote, kwa hiyo ile ya ngozi isitiwe jichoni kamwe, hata kama jina la dawa ni moja.