Uchovu wa Mama Anayenyonyesha na Uamuzi wa Kumwachisha Mtoto Ziwa

Katika kliniki ya mama na mtoto ninakohudumu hapa Kisumu, swali la kumwachisha mtoto ziwa huja mara nyingi likiwa limefungamana na uchovu: mama amekesha na mtoto, alfajiri amewahi soko la Kibuye, na jioni jamaa wanamwambia kwamba mtoto anammaliza. Ninasisitiza kwamba mambo haya mawili yatenganishwe, kwa sababu mama anayeachisha bila kujua kinachomchosha huendelea kuchoka, na juu ya hayo hulazimika kutafuta maziwa mengine kila siku.

Hatua ya kwanza: tafuta chanzo cha uchovu

Nenda kliniki na kijitabu chako cha afya ya mama na mtoto, uombe kupimwa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini iliyo chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu, na waliovuja damu nyingi wakati wa kujifungua wamo hatarini zaidi. Huku kandokando ya Ziwa Victoria malaria ipo mwaka mzima, hivyo ukiwa na homa au maumivu ya viungo, pimwa malaria pia. Ukipewa vidonge vya madini ya chuma, usivimeze kwa chai wala usinywe chai pamoja na omena na mboga, kwa maana majani ya chai huzuia mwili kufyonza madini hayo. Ngoja angalau saa moja.

Upo uchovu usioonekana katika kipimo cha damu. Mama anayelia mara kwa mara, anayekosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, asiyetamani chochote, au anayewaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, huenda ana sonona ya baada ya kujifungua. Huo ni ugonjwa wenye matibabu. Si uvivu wala si kurogwa. Mwambie muuguzi siku hiyo hiyo.

Hatua ya pili: punguza kazi nyingine kabla ya kupunguza ziwa

Kutengeneza maziwa huutaka mwili takriban kalori 500 zaidi kwa siku, kwa hiyo mama anayekula mabaki baada ya wengine kushiba hawezi kukosa kuchoka. Ongeza mlo mmoja, kisha uwaachie wengine kuteka maji, kufua nepi na kumbembeleza mtoto. Ukiwa umeajiriwa, fahamu kwamba Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa.

Hatua ya tatu: angalia umri na afya ya mtoto

Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi 6 ya kwanza, kisha vyakula vya nyongeza huku mtoto akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Kabla ya miezi 6, usiachishe kwa sababu ya uchovu bila kuzungumza na muuguzi. Mtoto aliyepita mwaka mmoja, anayekula vizuri mara 3 au 4 kwa siku, ni jambo jingine, na kwa maoni yangu mama anayepima yote haya akaamua kuacha katika mwezi wa 15 hastahili kulaumiwa. Mama anayeishi na virusi vya Ukimwi asikatize ghafla. Aamue pamoja na kliniki inayompa dawa.

Hatua ya nne: achisha polepole

Anza na nyonyesho moja, hasa la mchana, na badala yake umpe uji wa wimbi, parachichi au maziwa kwa kikombe. Ngoja siku kadhaa, hata wiki, ndipo uondoe la pili. La kulalia na la alfajiri yaache mwisho, na wakati huo baba au mtu mwingine amlaze mtoto. Usianze mtoto akiwa anaharisha, ana homa, au amepata yaya mpya.

Kupaka pilipili au mwarobaini kwenye chuchu, au kumpeleka mtoto ghafla mashambani kwa nyanyake, ni desturi ninayoipinga kwa nguvu zote. Mtoto hupoteza ziwa na mama siku moja na mara nyingi hukataa chakula, huku matiti ya mama yakijaa hadi kuvimba.

Hatua ya tano: tunza matiti na ufuatilie

Yakijaa, kamua kidogo tu ya kukupa nafuu, uweke kitambaa chenye maji baridi, wala usiyafunge kwa leso. Sehemu ikiwa nyekundu, ya moto na yenye maumivu, nawe una homa, nenda hospitali bila kuchelewa. Zungumza pia kuhusu uzazi wa mpango, kwani kadiri unyonyeshaji unavyopungua ndivyo uwezekano wa kushika mimba unavyoongezeka.

Mwezi unaofuata, mpeleke mtoto kupimwa uzani. Mstari wa ukuaji ukilala au ukishuka, mrudishie nyonyesho la usiku ikiwa maziwa bado yapo, na umweleze muuguzi kila anachokula tangu asubuhi hadi jioni.